Ukuta wenye kiu haushiki pazia

*Mapazia na blaindi zinaanguka katika nyumba mpya za Dodoma, na lawama zinamwendea mshonaji, fundi au mpangaji. Wa kuulizwa kwanza ni aliyejenga ukuta bila kuumwagilia.*

Fundi amepanda juu ya stuli, drili mkononi. Anatoboa tundu la kwanza juu ya dirisha la sebule, na biti inazama mpaka shingoni bila ukuta kuipinga. Vumbi la kijivu linamwagika juu ya kochi na haliishi. Anachomeka fisha, anakaza skrubu, na fisha inaanza kuzunguka ndani ya tundu kama jino bovu la mtoto. Anatoa biti ya milimita 6, anaweka ya 8. Tundu linapanuka, fisha kubwa inaingia, nayo inazunguka. Anashuka inchi tatu, na biti ileile inagonga kitu kigumu, inapiga kelele, inatoa cheche na kugoma.

Sebule hii inaweza kuwa ya Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Mkonze au Iyumbu. Ikifika jioni bomba la pazia linashikiliwa na skrubu mbili badala ya nne, na wenyeji wameambiwa wasilivute kwa nguvu. Lakini upepo wa Dodoma hausikii la mtu. Baada ya wiki chache breketi moja inang'oka na kipande cha plasta kinachozidi kiganja, bomba linainama, na uzito wa pazia unamalizia kilichobaki.

Watu wengi hulichukulia hili kuwa jambo dogo, la kumalizwa kwa msumari na nyundo. Mimi silioni hivyo. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anahitaji chumba chenye giza saa tatu asubuhi. Mtoto mwenye homa hawezi kulala mchana jua likimpiga usoni. Familia iliyolipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ikanunua blaindi za madirisha yote, haistahili kuishia kubana shuka kwenye grili ili majirani wasione ndani.

Mji wa vioo

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, haikuijua shida hii. Kuta zake zilikuwa miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo, paa lake tambarare, la udongo pia, na mwanga uliingia mlangoni na kwenye vitundu vichache. Ndani palikuwa na ubaridi wa mchana kutwa, na upepo ulipita juu ya paa bila kupata pa kushika. Waliojenga hivyo waliijua nchi yao: uwanda ulioinuka mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, wenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu miezi ya ukame, jua kali, na upepo wa kutoka kusini-mashariki unaobeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huohuo Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Kwa zaidi ya miaka 40 mji ulikua kwa mwendo wa taratibu. Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, mwendo ulibadilika. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la mji; ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu zaidi ya laki tatu na nusu waliongezeka ndani ya miaka kumi, na wote hao walihitaji pa kulala.

Nyumba zilizowapokea zilijengwa upesi, na zinafanana: matofali ya saruji, plasta, skimingi nyeupe, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu ya slaidi yenye futi tano kwa tano au zaidi. Nyingi kati ya zile mpya zina paa la kuficha, lisilo na upenu. Zinapendeza machoni, sibishi. Lakini upenu ulikuwa na kazi yake, na kazi hiyo sasa limeachiwa pazia.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima. Hata mwezi Juni, linapokuwa limeelekea kaskazini kabisa, linakengeuka kama nyuzi 30 tu kutoka utosini. Upenu wa futi mbili unakinga sehemu kubwa ya dirisha linalotazama kaskazini au kusini. Dirisha la magharibi halina bahati hiyo. Kuanzia saa tisa alasiri jua linalijia kwa chini, na upenu wowote unaojengeka hauwezi kulizuia. Dirisha hilo lazima lifunikwe, na kwa nyumba ya kawaida kifuniko chenyewe ni pazia au blaindi.

Kuna upepo pia. Dirisha la slaidi hufunguka nusu tu, kwa hiyo upepo wote unabanwa kupita katika nusu hiyo. Pazia linavutwa ndani, linaachiwa, linavutwa tena, mchana kutwa. Breketi inayotoka ukutani sentimita 10 inaigeuza kila mvuto kuwa nguvu ya kuing'oa skrubu ya juu. Ukuta imara hauoni taabu. Ukuta dhaifu unalika kidogo kidogo mpaka tundu linapanuka.

> Upenu ulikuwa na kazi yake, na kazi hiyo sasa limeachiwa pazia.

Saruji inataka maji

Wengi wanaamini kwamba saruji inakuwa ngumu kwa kukauka. Imani hiyo ndiyo inayoziharibu kuta za Dodoma. Saruji inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, na kazi hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa baada ya tofali kutolewa kwenye kalibu. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28. Maji yakitoroka siku ya pili, sehemu kubwa ya saruji inabaki unga tu uliojificha kati ya chembe za mchanga. Tofali litaonekana zima, lina pembe zake na rangi yake ya kijivu. Likwaruze kwa ncha ya msumari, mchanga unadondoka.

Sasa lianike tofali hilo Nala au Mahomanyika mwezi wa Agosti. Hewa ni kavu, upepo haukatiki tangu asubuhi, jua halina wingu. Kulinusuru kunahitaji kulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba, na kulifunika kwa nailoni au magunia. Katika miji ya pwani unyevu wa hewa humsaidia hata fundi mvivu. Dodoma fundi hana msaidizi.

Maji yenyewe yana gharama. Kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na viwanja vingi vipya hupata nyumba kabla ya kupata bomba. Mjenzi ananunua maji ya boza, au ya madumu yanayoletwa kwa bajaji ya mizigo. Maji hayo hayo ndiyo ya kuchanganyia zege, ya mafundi kunywa na kunawa, na ya kumwagilia. Yakipungua, linalokatwa kwanza ni kumwagilia, kwa kuwa hasara yake haionekani siku hiyo. Itaonekana miaka miwili baadaye, mtu mwingine akiwa amepanda juu ya stuli.

Uchoyo wa saruji nao unachangia. Mfuko mmoja wa kilo 50 unaweza kutoa matofali 25 imara ya inchi 5, au 50 ya kubahatisha, na yakishapangwa ukutani huwezi kuyatofautisha kwa macho. Wanunuzi wamejifunza kuangalia alama ya 32.5 au 42.5 kwenye mfuko, na ni vizuri. Lakini hata saruji ya daraja la juu ikinyimwa maji haitashika.

Plasta inaumia kuliko tofali. Unene wake ni nusu inchi hadi robo tatu ya inchi, kwa hiyo inakauka haraka zaidi, na ikipigwa juu ya tofali kavu lisilorowanishwa, tofali linainyonya maji yake saa ileile. Matokeo yake ni plasta iliyosimama peke yake, haijashikana na ukuta. Igonge kwa kifundo cha kidole: penye mshikamano utasikia mlio mzito, palipoachia utasikia uwazi. Skimingi nyeupe na rangi nzuri vinafunika yote hayo, na mpangaji anaonyeshwa nyumba inayong'aa.

Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni fisha ya plastiki mwaka 1958, alitegemea jambo moja. Skrubu ikiingia, plastiki inatanuka na kuusukuma ukuta pande zote. Ukuta unapokataa kusogea, msuguano unaishika skrubu. Kinachobeba pazia, basi, ni ule ukaidi wa ukuta. Ukuta wa mchanga hauna ukaidi. Ukiongeza ukubwa wa fisha unazidi kuuponda, na ndiyo sababu fundi anayehama kutoka milimita 6 kwenda 8, kisha 10, anaishia na shimo.

Kuta si za aina moja, na ni vyema kusema hivyo. Katika mitaa ya zamani na vijijini kuna nyumba nyingi za matofali ya kuchoma. Tofali la kuchoma lililoiva vizuri hushika fisha bila shida, lakini mara nyingi matofali hayo yameunganishwa kwa udongo, na biti ikiangukia kwenye kiungio umetoboa udongo. Kuna nyumba za matofali mabichi zilizopakwa plasta ya saruji kwa nje na ndani. Hapo plasta na ukuta havipatani kabisa. Kuna pia matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umeyahimiza kwa miaka mingi. Hayo hutobolewa polepole, drili ikiwa imezimwa mpigo wa nyundo, la sivyo yanapasuka ukingoni. Ongeza kwamba Dodoma imekaa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi yake hutikisika mara kwa mara, na kwamba sehemu za mbuga zina udongo unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi. Nyufa zinazoanzia kwenye pembe za dirisha zina historia hiyo nyuma yake. Usitoboe karibu nazo.

Linta, adui anayeweza kuwa rafiki

Ile cheche iliyotoka inchi tatu chini ya tundu la kwanza ilikuwa ya nondo. Katika nyumba zetu linta huzunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha: zege lenye nondo ndani, nondo zikiwa zimefungwa kwa ringi kila inchi sita hadi nane. Kokoto za Dodoma zinatoka kwenye granaiti, jiwe linalochosha biti yoyote ya bei rahisi. Fundi wa mapazia akifika hapo anaogopa kuvunja vifaa, anapanda juu zaidi, na huko juu anakutana na kozi mbili tatu za tofali kati ya linta na kenchi.

Kozi hizo za mwisho, kwa maoni yangu, ndizo mahali pabaya kuliko pote pa kutundika kitu. Mara nyingi hupangwa fedha zikiwa zimekwisha, mafundi wakiharakia kuezeka, matofali yakiwa ya bechi ya mwisho iliyonunuliwa haraka. Na mtindo wa sasa wa kufunga bomba la pazia karibu na dari, ili chumba kionekane kirefu, unapeleka uzito wote hukohuko.

Linta ndiyo sehemu ya ukuta ambayo angalau ina nondo na ilimwagwa kwa uangalifu, hata katika nyumba ya mjenzi mwenye haraka, kwa sababu kila mtu anaogopa paa kuanguka. Inataka kueleweka tu. Nondo ndefu zinapita karibu na ukingo wa chini na ukingo wa juu wa linta. Katikati pana nafasi. Kama linta ina kina cha inchi tisa, toboa inchi nne na nusu juu ya ukingo wa dirisha. Ukigonga ringi, sogea inchi moja pembeni na ujaribu tena. Hapo ndipo mpigo wa nyundo wa drili unahitajika, pamoja na biti nzuri yenye ncha ya kabaidi, na subira: toboa sekunde chache, toa biti ipoe, rudi.

> Kozi za mwisho chini ya kenchi ndizo mahali pabaya kuliko pote pa kutundika kitu.

Kila mtu ana haki yake

Muuza blaindi atakwambia kazi yake ni kupima, kuagiza na kufunga. Bei yake haina kifungu cha kukarabati ukuta. Ukuta ukimong'onyoka anajaribu mara mbili, anachomeka vijiti vya kiberiti kando ya skrubu, na anaondoka kuwahi mteja mwingine. Simlaumu sana kwa ukuta asioujenga, ila vijiti vya kiberiti ni udanganyifu. Anajua vitashika mpaka atakapofika kwake.

Fundi ujenzi naye ana lake: hakuna aliyemwambia pazia litakaa wapi. Ramani inaonyesha dirisha, haionyeshi kitakachoning'inia juu yake. Hilo ni kweli. Lakini tofali hafifu si suala la ramani.

Mwenye nyumba anaogopa matundu. Kila mpangaji anayekuja ana bomba lake na vipimo vyake, na baada ya wapangaji wanne ukuta wa juu ya dirisha umejaa viraka. Ndiyo maana wengine hukataza kabisa kutoboa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji, mkataba ukiisha, arudishe jengo katika hali aliyolikuta, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida. Mwenye nyumba anakiona kila kipande cha plasta kilichoanguka kuwa kosa la mpangaji, na anakata gharama yake kwenye fedha ya tahadhari.

Mpangaji anajibu kwamba nyumba isiyoweza kufungwa pazia haijakamilika. Mimi niko upande wake hapa, kwa mpaka fulani. Tundu safi la milimita 6 lililozibwa vizuri siku ya kuhama ni sehemu ya kuishi ndani ya nyumba. Plasta iliyoanguka kipande kizima kwa skrubu moja ilikuwa imekwisha kuachia kabla mpangaji hajaingia, na si haki alipie ukuta uliokosewa na wengine. Lakini anayepigilia misumari ya zege kwa nyundo kubwa, akapasua plasta ya futi nzima, huyo amevunja mali ya mtu.

Kwanza usome ukuta

Kabla ya kununua chochote, toboa tundu moja dogo la milimita 5 mahali ambapo breketi itaficha, na utazame vumbi linalotoka. Weupe wa mwanzo ni skimingi na plasta. Ukifuatiwa na kijivu kinachotoka polepole na biti inapambana, umefika kwenye tofali zuri au linta. Kijivu kinachomwagika bila biti kuhisi kitu ni tofali lililonyimwa maji. Wekundu ni tofali la kuchoma. Wekundu uliofifia na laini ni udongo wa kiungio. Pima kwa biti unene wa plasta, kwa sababu plasta haihesabiwi: fisha yote ikae ndani ya tofali au zege, na skrubu iwe ndefu kiasi cha kuifikia. Skrubu ya inchi moja inayokuja ndani ya boksi la blaindi, kwenye ukuta wenye plasta ya robo tatu ya inchi, haijafika popote.

Epuka mstari ulionyooka juu ya swichi au soketi, maana paipu za umeme hushuka humo. Zima meni swichi ukiwa na shaka. Na usitoboe chini ya inchi mbili kutoka ukingo wa dirisha.

Kama linta inafikika, tumia linta na jambo limekwisha. Kama haifikiki, au kama ukuta wote ni mchanga, kuna njia ninayoiamini kuliko zote: kibao. Kata ubao wa mbao ngumu, upana inchi nne, unene inchi moja, mrefu kuliko dirisha kwa inchi sita kila upande. Ufunge ukutani kwa skrubu sita au saba zilizotawanyika, kila moja mahali ulipojaribu na kupata ukuta unaoshika. Upake rangi ya ukuta. Kisha breketi za blaindi au za bomba unazifunga kwenye ubao, popote vipimo vinapotaka, mara nyingi utakavyo. Nguvu iliyokuwa ikivuta skrubu mbili sasa imegawanyika, na tundu baya moja haliangushi kitu. Wazee wetu walikijua kibao hiki kwa jina la pelmeti, kikiwa na sanduku lake zuri la kuficha reli. Tulikiacha kwa kuona kimepitwa na wakati.

Pale ambapo hata kibao hakipati pa kushika, inabidi kuupa ukuta kile ulichonyimwa. Chimba kwa tindo shimo la inchi mbili kwa mbili, kina inchi tatu, pana ndani kuliko mdomoni. Ondoa vumbi lote kwa brashi, kisha puliza. Mwagia maji mpaka tofali liache kuyanywa. Changanya saruji moja kwa mchanga tatu uliochekechwa, jaza, shindilia. Funika kwa kitambaa kibichi na ukirowanishe asubuhi na jioni kwa siku saba, kisha toboa katikati ya kiraka hicho. Ni kazi ya wiki nzima kwa ajili ya breketi, najua. Lakini kiraka hicho kitakuwa sehemu imara kuliko matofali yote yanayokizunguka. Gundi za resini za kutilia nanga zipo pia, zinafanya kazi nzuri kwenye tundu lililosafishwa vumbi, ila kwa pazia la chumbani gharama yake haina sababu.

Dari ya jipsamu haibebi pazia. Ikibidi kufunga darini, zitafute mbao za blandarini za mbili kwa mbili zilizo juu ya jipsamu, kwa kugonga na kusikiliza, au kwa kufuata mistari ya skrubu za dari, na ufunge humo tu.

Kwa aliyekatazwa kutoboa, zipo fimbo za kubana zinazokaa ndani ya uwazi wa dirisha bila skrubu. Zinabeba kitambaa chepesi, na zinashindwa na pazia zito. Gundi za kubandika hazishiki rangi inayotoa unga, na rangi nyingi za bei ya chini zinatoa unga. Zijaribu tu kwenye rangi ya mafuta au kwenye fremu ya aluminiamu iliyofutwa vumbi.

Na uzito wenyewe ufikiriwe upya. Tumezoea kuamini kwamba pazia zito ndilo linalozuia joto. Jua likishapita kioo, joto limeingia. Kinachosaidia ni kitambaa kinachorudisha mwanga nje kabla haujageuka joto ndani. Blaindi nyepesi ya rola, yenye mgongo mweupe, inafanya hivyo vizuri kuliko pazia zito la rangi ya zambarau, na ukuta unaibeba kwa urahisi. Jambo moja la hatari: kamba za blaindi zilizofungwa kitanzi zimewahi kuua watoto wadogo katika nchi nyingi, na Marekani imezibana kwa masharti makali. Nunua isiyo na kamba, au funga kishikio cha kamba ukutani juu kabisa, na usiweke kitanda cha mtoto chini ya dirisha.

> Skrubu ya inchi moja, kwenye plasta ya robo tatu ya inchi, haijafika popote.

Kwa wanaojenga sasa

Nala, Mahomanyika, Ihumwa, Mtumba: kuna linta zinazofungwa wiki hii. Kwa wenye nyumba hizo gharama ya kulimaliza tatizo ni ndogo mno. Weka fedha ya maji ya kumwagilia kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa jina lake, kama unavyoweka fedha ya nondo. Usiyachukue matofali yaliyofyatuliwa juzi. Chukua moja, likwaruze kwa msumari, liangushe kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vingi, lirudishe. Ukuta urowanishwe kabla ya plasta, na plasta nayo imwagiliwe baadaye.

Kabla zege la linta halijamwagwa, piga picha ya nondo juu ya kila dirisha kwa simu yako, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa kando yake. Picha hizo zihifadhi. Siku ya kufunga mapazia utajua ringi ziko wapi kwa inchi. Anayetaka zaidi amwambie fundi apachike vipande viwili vya mbao ngumu ndani ya kalibu ya linta, kimoja kila upande wa dirisha, usawa na uso wa zege, vikiwa vimepigiliwa misumari nyuma ili zege livishike.

Na mwenye nyumba ya kupangisha afunge vibao mwenyewe, kimoja juu ya kila dirisha, kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Kisha aandike kwenye mkataba kwamba kutoboa kwenye vibao kunaruhusiwa na kutoboa ukuta mpaka waelewane.